Mwandishi mmoja, akaunti saba: msomaji atajuaje kuwa ni wewe?

Msomaji amefunga kitabu chako saa tano usiku. Kimemgusa. Anachukua simu, anaandika jina lako, anasubiri. Dakika mbili zinazofuata ndizo ninazotaka tuzitazame kwa karibu, maana ndani ya dakika hizo waandishi wengi huwapoteza watu waliokwisha kuwapenda.

Anapata nini? Akaunti yenye jina lako kamili na picha ya ua. Nyingine yenye jina la utani na tarakimu nne mwishoni, na picha ya mtu aliyevaa miwani ya jua. Ukurasa wa duka la vitabu usio na picha yoyote, wenye vitabu viwili, kimoja si chako. Blogu ya miaka tisa iliyopita inayosema kwamba unajiandaa kutoa kitabu chako cha kwanza. Tovuti ambayo muda wake uliisha bila kulipiwa na sasa inatangaza kamari. Karibu kila kimoja kati ya hivyo kiliwahi kuwa kweli kwa wakati wake. Lakini msomaji hana namna ya kujua kipi ni kweli leo, na usiku umekwenda. Anaweka simu chini.

Watu wakisikia maneno "chapa ya mwandishi" hufikiria nembo, rangi na kujisifu, na waandishi wengi ninaowaheshimu hulikimbia neno hilo kwa sababu hiyo. Nawaelewa. Ila kwa Kiswahili neno lenyewe ni la zamani na halina makuu: chapa ni alama. Mfugaji humpiga ng'ombe chapa ili akipotea malishoni ajulikane ni wa nani. Hapa nalitumia kwa maana hiyohiyo. Kazi ya chapa ni kumwezesha mtu aliyekutana nawe mahali pamoja akutambue anapokuona mahali pengine.

Na hapo ndipo mkanganyiko mkubwa wa mada hii ulipo. Washauri wengi husema "uwe uleule kila mahali", na mwandishi mtiifu anachukua chapisho moja, analibandika kwenye mitandao sita, kisha anashangaa mbona pote ni kimya. Kutambulika na kufanana ni mambo mawili. Yapo machache ambayo hayapaswi kubadilika hata kwa herufi moja, na yapo mengi ambayo lazima yabadilike la sivyo utaonekana mgeni kila uendako. Kujua lipi liko upande upi ndiyo shughuli nzima.

Jina la jaladani ndilo linalotawala

Anza na kitabu. Jina lililochapwa jaladani ndilo msomaji analo mkononi, ndilo linaloambatana na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ndilo lililoingia kwenye katalogi za maktaba. Jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja. Jalada likishachapwa linabaki hivyo mpaka toleo lijalo. Kwa hiyo mitandao ndiyo ilifuate jalada, na jalada lisiifuate mitandao.

Inasikika rahisi. Ugumu unaanza kwa wale ambao majina yao hayakuumbwa kwa ajili ya fomu za kujisajili. Fomu huuliza jina la kwanza na jina la mwisho, kana kwamba kila mtu duniani ana jina la ukoo. Mwenye jina lake, la baba na la babu hujikuta akilijibu swali hilo kwa namna tofauti kila mara: hapa anaacha la kati, pale anaacha la mwisho, kwingine anaweka herufi ya kwanza ya jina la baba na nukta. Baada ya miaka mitano ana majina manne, yote halali, yote yake. Halafu kuna tahajia. Mohamed, Mohammed na Muhammad sikioni ni jina moja, lakini mashine inayosoma herufi inaweza kuyahesabu kuwa watu watatu. Kuna pia vyeo: "Dkt." kwenye ukurasa mmoja, bila "Dkt." kwenye mwingine.

Maktaba zilipambana na jambo hili kabla intaneti haijazaliwa. Riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka mwaka 1964 ikiwa na jina James Ngugi, na wakutubi walilazimika kuyaunganisha majina hayo ili anayetafuta moja apate vitabu vya yote mawili. Na hata jina alilojichagulia lina alama juu ya u na i ambazo kibodi nyingi hazina, kwa hiyo mtandaoni huandikwa kwa namna mbili. Yeye alikuwa na wakutubi wa dunia nzima wa kumfanyia kazi hiyo. Sisi wengine tunapaswa kuifanya wenyewe.

Kabla ya kitabu cha kwanza, tafuta jina lako mtandaoni kama vile unamtafuta mtu usiyemjua. Ukikuta mwandishi mwingine mwenye jina hilohilo, hasa wa fani ileile, ongeza jina la kati sasa hivi. Usijiambie kuwa wasomaji watawatofautisha. Goodreads, mtandao wa wasomaji ulionunuliwa na Amazon mwaka 2013, una namna ya ajabu ya kuwatenga waandishi wanaolingana majina: wa kwanza ana nafasi moja kati ya jina la kwanza na la pili, wa pili huwekewa nafasi mbili, wa tatu nafasi tatu. Kwa macho huoni tofauti yoyote, maana ukurasa wa wavuti huzikunja nafasi hizo na kuonyesha moja tu. Ila kwenye hifadhidata hao ni watu tofauti. Sasa fikiria msomaji mwema anayekiingiza kitabu chako kipya kwenye mtandao huo na kuandika jina lako kama linavyoonekana, kwa nafasi moja. Kitabu kinakwenda kwa mwenzako. Ndivyo inavyotokea ukurasa wa mwandishi wa mashairi ukawa na mwongozo wa ufugaji wa nyuki katikati, wala hakuna aliyekusudia ubaya.

Herufi kumi na tano, bila nukta

Jina la kuonyeshwa ni moja. Jina la akaunti, lile linaloanza na alama ya @, ni jingine, na lina sheria zake. X, iliyokuwa Twitter, huruhusu herufi 15 tu. TikTok huruhusu 24, Instagram 30. Ukijichagulia jina tamu la herufi 20 kwenye Instagram, utalikata ukifika X, na hapo tayari una majina mawili. Chagua kwa kufuata mlango mwembamba kuliko yote: lisizidi herufi 15.

Alama nazo zina mtego. X hukubali mstari wa chini na kukataa nukta. Facebook hukubali nukta na kukataa mstari wa chini. Hivyo anayetenganisha majina yake kwa alama yoyote kati ya hizo atakwama mahali fulani, na jina pekee linalopita kote ni lile la herufi tupu za kawaida, ikibidi na tarakimu. Kama jina lako tupu limechukuliwa, ongeza neno linaloeleza kazi, kwa mfano "vitabu" au "mwandishi" mwishoni, na ulitumie hilohilo pote, hata kwenye mitandao ambako jina tupu lilikuwa bado lipo. Tarakimu za mwaka wa kuzaliwa ziache. Huzeeka vibaya na humpa tapeli taarifa asiyostahili.

Jina ukishalipata, lisajili hata kwenye mitandao usiyokusudia kuitumia. Weka picha, mstari mmoja na kiungo cha tovuti yako, kisha uondoke. Sababu yake itaonekana mbele.

Wasifu: sentensi moja inayozaa nyingine zote

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo ninapoona waandishi hodari wakiandika vibaya kuliko mahali pengine popote. Mtu anayeweza kukufanya ulie kwa aya moja anajieleza hivi: "Mwandishi. Mtafuta ukweli. Mpenda maisha." Maneno hayo yanamfaa kila aliye hai. Hayamwambii msomaji wa saa tano usiku kama amefika.

Wasifu mzuri huzaliwa kutoka sentensi moja inayojibu swali: ukimchukua msomaji mkononi, unampeleka wapi? Tuseme unaandika riwaya za upelelezi, lakini kwenye vitabu vyako vyote msomaji anamjua muuaji kufikia sura ya tatu, na anaendelea kusoma kwa kutaka kujua chanzo. Hiyo ndiyo alama yako, na wengi hawaiandiki popote. Instagram hukupa herufi 150 za wasifu. Jaribu hivi:

"Naandika riwaya za upelelezi ambamo muuaji hujulikana mapema na swali hubaki: kwa nini? Kitabu kipya kinatoka Juni. Vyote viko kwenye tovuti yangu."

Ukihesabu pamoja na nafasi na alama, ni herufi 147. X ina 160, kwa hiyo inaingia bila kuguswa. TikTok ina 80 tu, na hapo unabakiza kiini:

"Riwaya za upelelezi. Muuaji unamjua mapema. Hujui kwa nini."

Ni herufi 59. Kwenye tovuti yako na kwenye kurasa za maduka ya vitabu una nafasi ya maneno mia moja au mia mbili, na hapo unaweza kueleza ulikotoka, tuzo, kazi yako ya mchana. Lakini sentensi ya kwanza ya wasifu huo mrefu ibebe mambo yaleyale: upelelezi, muuaji anayejulikana, swali la kwa nini. Msomaji akitoka TikTok akaingia kwenye tovuti, asikie mtu yuleyule akiendelea kuzungumza.

Andika wasifu mrefu mara mbili: mmoja kwa nafsi ya kwanza, mwingine kwa nafsi ya tatu. Ule wa "naandika" ni wa mitandao, ambako unaongea mwenyewe. Ule wa "anaandika" ni wa maduka, matamasha na mwandishi wa habari ambaye atakuomba maelezo dakika kumi kabla ya kwenda hewani. Usipompa, atajitungia kutokana na vipande alivyookota, na kosa lake litanakiliwa kwa miaka.

Wasifu wote uwe na tarehe, hata kama tarehe hiyo unaiona wewe peke yako. "Kitabu kipya kinatoka Juni" ni sentensi nzuri mwezi wa Aprili. Mwezi wa Desemba inamwambia msomaji kwamba hapa hakai mtu.

Picha na rangi

Nitapita hapa haraka. Picha moja ya uso, ileile kila mahali, iliyopigwa karibu. Mitandao mingi huikata kuwa duara na kuionyesha kwa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kwa hiyo ipunguze kwenye simu mpaka ifikie kimo hicho uone kama bado ni mtu. Picha uliyosimama mbali, mlima nyuma yako, huishia kuwa doa. Usiyetaka kuonyesha uso, na wapo wenye sababu nzito za kutotaka, tumia mchoro mmoja na udumu nao kwa uaminifu uleule.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau: katika nchi nyingi hakimiliki ya picha huanzia kwa aliyepiga, hata kama wewe ndiye uliyelipa na wewe ndiye uliyemo. Omba ruhusa ya maandishi inayotaja mitandao, majalada na vyombo vya habari, na uhifadhi jina la mpiga picha pamoja na faili.

Rangi mbili zinatosha. Usizitaje kwa majina, maana "nyekundu" ya leo haitakuwa nyekundu ya mwakani. Hifadhi namba yake, ile inayoanza na alama ya reli na kufuatiwa na tarakimu au herufi sita. Maandishi juu ya rangi yasomeke: miongozo ya WCAG, inayofuatwa na watengeneza tovuti ili kurasa zisomeke na wote, inataka uwiano wa utofauti wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Zipo programu za bure za kuupima. Kijivu chepesi juu ya nyeupe, kinachopendwa sana na waandishi wa mashairi, mara nyingi hakifiki hapo.

Sauti hubadilika, shauku haibadiliki

Sasa tuingie upande wa pili, ule wa mambo yanayopaswa kubadilika.

Mwandishi wa historia amekutana na daftari la nahodha kwenye hifadhi ya nyaraka. Ukurasa mmoja una mstari unaosema kuwa siku hiyo upepo haukuvuma na mpishi alifariki, na chini yake pana doa la wino, kana kwamba kalamu iliachwa ikatulia mahali pamoja. Kwenye mtandao wa maneno mafupi anaandika mstari huo tu na kuuliza: ni nini kilimfanya nahodha aache kalamu pale? Kwenye mtandao wa picha anaweka doa lenyewe, limekuzwa, maneno yakiwa machache sana. Kwenye video anaufungua ukurasa kwa mkono, sauti ya chini, sekunde arobaini. Kwenye jarida lake la barua pepe anaandika maneno mia nane kuhusu vifo vya baharini na jinsi manahodha walivyoviandika. Kwenye LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, anazungumza na wenye hifadhi kuhusu umuhimu wa kupiga picha nyaraka kabla hazijaoza.

Umbo limebadilika mara tano, ukali wa lugha umebadilika, hata hadhira imebadilika. Kilichobaki palepale ni mtu anayesimama mbele ya doa la wino na kuuliza kuhusu aliyeshika kalamu. Atakayemfuata kutoka mahali pamoja hadi pengine atamkuta anauliza hivyohivyo. Huo ndio uthabiti ninaousema. Hautoki kwenye nembo. Unatoka kwenye kile ambacho mwandishi hawezi kuacha kukitazama.

Kuna jaribio ninalolipenda. Chukua machapisho yako kumi ya mwisho kutoka mitandao tofauti, yafunike jina na picha, umpe mtu aliyesoma kitabu chako kimoja. Akitambua saba, uko vizuri. Akitambua mawili, basi yale manane umeyaandika kwa sababu mtandao uliyataka, na hayakuwa na chako ndani.

Kunakili na kubandika kuna ubaya mwingine ulio wazi zaidi. Kwenye Instagram kiungo ulichokiandika chini ya picha hakibofyeki, ndiyo maana watu huandika "kiungo kiko kwenye wasifu". Programu ya kusambaza machapisho ikilichukua neno hilo na kulipeleka mahali ambapo kiungo kingeweza kuwekwa palepale, msomaji anajua papo hapo kwamba mwenyewe hayupo. Vivyo hivyo jina la @ la mtu ambaye kwenye mtandao huu hayupo, au ni mtu mwingine kabisa. Niliwahi kumshukuru mhariri wangu kwa moyo wote kwenye mitandao mitatu kwa mkupuo mmoja. Kwenye wa tatu, jina lile lilikuwa la duka la vipuri, na duka likanijibu kwa adabu. Tangu siku hiyo kila chapisho nalipeleka kwa mkono.

Nyumba yenye anwani yako

Mitandao hufa. GeoCities, ambako maelfu kwa maelfu ya watu walijenga kurasa zao za kwanza, ilifungwa mwaka 2009. Vine, ya video fupi, ilizimwa Januari 2017. Google+ iliwafungia watumiaji wake wa kawaida Aprili 2019. Isiyokufa hubadilika ikiwa mikononi mwako: alama ya tiki ya buluu ilikuwa njia ya Twitter ya kuthibitisha mtu ni nani, ikaanza kuuzwa Novemba 2022, Aprili 2023 tiki za zamani zikaondolewa, na Julai mwaka huohuo Twitter yenyewe ikawa X. Waandishi waliochapa alama ya ndege nyuma ya majalada yao bado wanayo huko.

Kwa hiyo jaladani chapa anwani moja tu: ya tovuti yako, kwenye kikoa, yaani jina la anwani, ulichokisajili mwenyewe. Kikoa nacho ni cha kukodi, tusidanganyane. Vikoa vya .com husajiliwa kwa muda usiozidi miaka 10 kwa mkupuo, na ukisahau kulipa, baada ya muda wa neema mtu yeyote anaweza kukichukua pamoja na sifa zote ulizokijengea. Lakini hapa kodi ni ndogo, sheria ni zilezile kwa wote, na unaweza kuhamia kampuni nyingine bila kubadili anwani. Kisajili kwa jina lako, si la fundi aliyekutengenezea tovuti. Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa nimeona mwandishi akikosana na fundi wake na kupoteza jina lake mwenyewe.

Tovuti haihitaji kuwa kubwa. Jina, picha, wasifu, vitabu na mahali pa kuvinunua, njia ya kuwasiliana, mahali pa kujiandikisha kupokea barua zako, na orodha ya akaunti zako zote halisi. Orodha hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Agosti 2023 Jane Friedman, Mmarekani anayeandika kuhusu biashara ya uchapishaji, alikuta vitabu asivyoviandika vikiuzwa Amazon kwa jina lake, na vingine vimekwisha kuingizwa kwenye ukurasa wake wa Goodreads. Alipolalamika, aliulizwa kama jina lake limesajiliwa kuwa alama ya biashara. Halikuwa limesajiliwa. Aliandika hadharani, habari ikaenea, vitabu vikaondolewa. Mwandishi asiye na wasomaji wengi kama yeye hana sauti hiyo, lakini anaweza kuwa na ukurasa unaosema: hizi ndizo akaunti zangu, hivi ndivyo vitabu vyangu, kingine chochote si changu. Akaunti zile ulizozisajili na kuziacha zinaingia kwenye orodha hiyo, na tapeli anakuta mlango umeshafungwa.

Orodha ifanye kazi kwa pande zote mbili: tovuti ielekeze kwenye akaunti, na kila akaunti irudishe kwenye tovuti. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba tovuti yako ni yake. Hawezi kuifanya tovuti yako imtaje yeye. Mtandao wa Mastodon umejengwa juu ya ukweli huo: ukiweka anwani ya tovuti kwenye wasifu wako, mtandao huo huenda kukagua kama tovuti ina kiungo kinachorudi kwako chenye alama rel="me", na ikikikuta, anwani yako huwekwa rangi ya kijani. Mtandao wa Bluesky unakuruhusu kukitumia kikoa chako chenyewe kuwa jina la akaunti.

Injini za kutafuta nazo husoma viungo hivyo. Msamiati wa schema.org, ulioanzishwa mwaka 2011 na kampuni kubwa za injini za kutafuta, una neno sameAs, ambalo ndani ya msimbo wa ukurasa wako huiambia mashine: mtu huyu ndiye yuleyule wa huko. Mifumo mingi ya kutengeneza tovuti ina sehemu ya kuliweka bila kugusa msimbo. Ukiongeza namba ya ISNI, kitambulisho cha tarakimu 16 kinachomfuata mwandishi hata jina likibadilika, au ORCID, namba kama hiyo ya watafiti, kama unaandika pia kazi za kitaaluma, wanaokulingana jina hawatachanganywa nawe tena kwenye katalogi zinazotumia namba hizo. Kusajili ORCID ni bure.

Ukitaka kuwa wawili

Wapo wanaoandika vitabu vya watoto na riwaya za kutisha, na kuvichanganya kungewaudhi wazazi. Jina la pili linafaa hapo, mradi ujue unachokitaka. Iain Banks aliandika riwaya za kawaida kwa jina hilo, na za sayansi ya kubuni kwa jina Iain M. Banks. Herufi moja ilimwambia msomaji ni rafu ipi, na hakuna aliyefichwa kitu. Kama lengo ni kutenganisha hadhira tu, fuata njia hiyo: tovuti moja, milango miwili, kila mlango ukiutaja mwenzake.

Kama lengo ni siri, hesabu inabadilika kabisa. Barua pepe nyingine, picha isiyowahi kutumika popote, namba ya simu ambayo haimo kwenye akaunti ya kwanza, maana mitandao hulinganisha orodha za namba na kumpendekezea shangazi yako akaunti unayomficha. Ni kazi maradufu kila siku. Majina mawili ni mengi. Matatu sijaona mtu aliyeyalisha yote.

Daftari

Yote haya huoza yasipotunzwa, na kumbukumbu haitoshi. Fungua faili moja. Weka humo jina kama lilivyo jaladani, wasifu wa urefu mbalimbali na tarehe zake, picha pamoja na jina la mpiga picha na ruhusa yake, namba za rangi, tarehe ya kulipia kikoa, na kila akaunti uliyowahi kufungua. Mara mbili kwa mwaka fungua kivinjari kwa dirisha la faragha, tafuta jina lako, upite kwenye orodha moja baada ya nyingine. Inachukua alasiri moja. Akaunti usiyoitumia tena usiifute kwa haraka, kwa sababu kwenye baadhi ya mitandao jina lililoachwa huweza kuchukuliwa na mwingine. Bandika juu chapisho moja linaloelekeza kwenye tovuti, kisha uilinde kwa uthibitisho wa hatua mbili kama zile unazozitumia kila siku.

Halafu kuna jambo ambalo waandishi hawapendi kulizungumza. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hakimiliki ya vitabu hudumu angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Vitabu vitaendelea kuuzwa, msomaji wa saa tano usiku ataendelea kulitafuta jina lako, na kikoa kitahitaji kulipiwa na mtu aliye hai. Google ina mpangilio, uliowekwa mwaka 2013, unaokuwezesha kumtaja atakayepokea data zako akaunti ikikaa muda mrefu bila kutumika. Facebook tangu 2015 humruhusu mtu kumchagua atakayeangalia ukurasa wake wa kumbukumbu. Mchague mmoja, jina lake liwe mstari wa kwanza wa faili ile, na umwambie leo faili iko wapi.